Mbwa na Bwana Wake katika Misitu ya Nyeri

Msomaji, ukifika mji wa Nyeri, ulio kati ya Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, hutakosa kuonyeshwa makaburi mawili katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Petro. Moja ni la Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941. La pili ni la Jim Corbett, aliyefariki tarehe 19 Aprili 1955. Wote wawili, kwa nyakati mbalimbali, walikaa katika nyumba moja ndogo iitwayo Paxtu, iliyo katika kiwanja cha Hoteli ya Outspan. Wageni wengi hulitazama kaburi la kwanza, wakapiga picha, wakaenda zao. Mimi nataka tusimame kidogo mbele ya hili la pili, kwa sababu aliyelala humo alikuwa msasi mashuhuri wa chui-milia wala-watu katika nchi ya India, na katika kitabu chake kilichojulikana kuliko vyote, kilichopigwa chapa mwaka 1944, aliweka sura nzima juu ya mbwa wake.

Habari ya mbwa yaweza kuonekana ndogo mno kuwekwa katika historia. Tumezoea kusoma habari za wafalme, vita na mikataba. Lakini katika wilaya hii ya Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya, yaani Karatina, Nanyuki, Meru na Embu, kulikuwa na wakati ambapo maisha ya mtu yalitegemea jambo moja tu, nalo ni kama mbwa fulani alikuwa akimsikiliza mtu aliyeshika kamba yake au hakuwa akimsikiliza. Kwa hiyo yatupasa kwanza kuuliza mbwa husikilizaje, na mtu humfunzaje kusikiliza, ndipo tutazame matumizi ya mafunzo hayo.

Mbwa ni mzao wa mbwa-mwitu. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta huko Bonn-Oberkassel, katika Ujerumani, mifupa ya mbwa aliyezikwa pamoja na watu yapata miaka 14,000 iliyopita. Fikiri urefu wa wakati huo. Ng'ombe, mbuzi na kuku walikuwa bado hawajafugwa. Hapana mtu aliyekuwa amelima shamba la mtama wala ngano. Mbwa alikuja mtuni mbele ya wanyama wote, na katika miaka hiyo mingi tabia yake ilibadilika. Mwaka 2003 wataalamu wa Budapest, wakiongozwa na Ádám Miklósi, walifanya jaribio jepesi. Waliwapa mbwa na mbwa-mwitu waliolelewa na watu chakula kilichofungiwa mahali pasipofunguka. Mbwa-mwitu waling'ang'ana na kile chombo. Mbwa walijaribu kidogo, kisha wakageuza shingo na kumtazama mtu usoni, kana kwamba wanauliza la kufanya. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani wakaongeza jambo jingine: mbwa na bwana wake wakitazamana machoni kwa utulivu, katika miili ya wote wawili huongezeka ile kemikali ambayo huongezeka pia kwa mama anapomtazama mtoto wake mchanga. Kwa mbwa-mwitu jambo hilo halikuonekana.

Basi usikivu wa mbwa hauanzi katika mafunzo. Anazaliwa na mwelekeo wa kumtazama mtu. Kazi ya mfunzaji ni kuulinda mwelekeo huo na kuukuza, na mara nyingi, nasikitika kusema, mtu huuharibu kabla hajajua kuwa upo.

Tazama jinsi mbwa wengi wanavyofugwa katika vijiji vyetu vya milimani. Mtoto wa mbwa huletwa nyumbani akiwa na wiki sita, akafungiwa katika kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, akatupiwa mabaki ya ugali jioni, na usiku akafunguliwa ili abweke. Atakuwa mkali, ndiyo. Lakini mwite uone. Hatakuja, na akija ni kwa sababu una sufuria mkononi. Waamerika wawili, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza jambo hili kwa miaka mingi wakatoa kitabu mwaka 1965. Walionyesha kwamba mbwa ana kipindi kifupi cha utoto, tangu wiki ya tatu hata kama ya kumi na mbili hivi, ambacho ndani yake hujifunza nani ni jamaa yake. Akikosa kuonana na watu wakati huo, ni kazi ngumu sana baadaye kumfanya awaamini. Kile kibanda cha mbao, basi, humnyima mbwa shule yake yote.

Sasa turudi kwa Corbett. Alizaliwa Nainital, chini ya milima ya Himalaya, mwaka 1875. Alipokuwa mtoto wa miaka 6, yeye na ndugu yake mdogo wa miaka 4 walishambuliwa na dubu jike mwenye hasira, na mbwa mzee wa kwao aliyeitwa Robin akawaokoa. Miaka mingi ikapita. Corbett, akiwa mtu mzima, akaonyeshwa watoto wa mbwa wenye manyoya marefu wa aina ya spaniel, akamchukua aliyekuwa mdogo na dhaifu kuliko wote kwa bei ya rupia 15. Huyo naye akampa jina la Robin, kwa kumbukumbu ya yule wa kwanza.

Mbwa huyo akawa mwenzake wa msituni. Corbett alikuwa na desturi ya kwenda peke yake anapomwinda mnyama mla-watu, kwa maana hakutaka kuchunga roho ya mtu mwingine pamoja na yake. Lakini katika kuwafuata chui waliojeruhiwa alimchukua Robin. Mtu anayemfuata chui aliyejeruhiwa katika majani marefu haoni chochote, na sikio lake halimsaidii sana, maana chui hana mlio anapolala akivizia. Pua ya mbwa ndiyo ijuayo. Wataalamu hukadiria kuwa pua ya mbwa ina vipokezi vya harufu milioni 200 hata 300, na ya mtu milioni 5 au 6 tu. Hata hivyo pua peke yake haifai kitu. Mbwa anayenusa chui kisha akakimbia mbele akibweka, atauawa na kumponza bwana wake. Mbwa anayenusa chui kisha akasimama, akageuka na kumtazama bwana wake, huyo amemwambia habari yote pasipo neno.

Hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Watu wanaposema kumfunza mbwa usikivu, huwaza mbwa akimsikiliza mtu. Hilo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mtu kujifunza kumsikiliza mbwa: masikio yaliyosimama ghafla, mkia uliokakamaa, manyoya ya mgongoni, mguu mmoja ulioinuliwa. Corbett alikuwa hodari wa kusoma nyayo, majani yaliyokunjika na sauti za ndege, na yaonekana mbwa wake alipata kwake mtu aliyestahili kuambiwa habari. Robin alikufa wakati bwana wake alipokuwa bado akiiandika ile sura. Mwaka 1947 Corbett na dada yake Maggie waliondoka India, wakahamia Nyeri, na kaburi la yule mbwa likabaki ng'ambo ya bahari.

Kabla ya kuendelea na historia, yafaa nikueleze kwa ufupi namna usikivu unavyofunzwa, maana huenda msomaji ana mbwa nyumbani. Mjerumani mmoja, Konrad Most, aliyefunza mbwa wa polisi, alitoa kitabu juu ya jambo hili mwaka 1910, na katika miaka iyo hiyo Mrusi Ivan Pavlov, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alikuwa akionyesha jinsi mbwa anavyoweza kudondokwa na mate kwa kusikia tu mlio ambao umezoea kutangulia chakula. Kutokana na watu hao na waliowafuata twajua kwamba mbwa haelewi maneno kama tuelewavyo sisi. Huunganisha sauti na jambo lililofuata mara moja. Nasema mara moja, maana thawabu ikichelewa hata kwa muda wa kuhesabu tano, mbwa huiunganisha na jambo jingine alilolifanya katikati.

Jina lake ndilo somo la kwanza. Liseme mara moja, kwa sauti ya kawaida, mahali patulivu. Akigeuza macho kwako tu, hata kama hakuja, mpe kipande kidogo cha nyama au neno la upole. Rudia mara chache, kisha acha. Dakika tano kwa siku mara mbili au tatu zafaa kuliko saa nzima. Usilipige kelele jina lake mara kumi mfululizo, kwa kuwa jina linalosemwa mara kumi huwa kama mlio wa gari barabarani, ambao hapana anayeugeukia. Wala usimwite kwa jina ili umpige. Akiitwa mara mbili akapigwa, mara ya tatu hatakuja, na asiye na akili hapo si yeye. Akishajua kutazama mahali patulivu, mpeleke penye kuku, kisha penye watoto wanaocheza, kisha njiani penye mbwa wenzake. Ukitembea naye kwa kamba, geuka ghafla upande mwingine pasipo kumvuta kwa ukali. Baada ya siku kadhaa ataona kwamba imempasa akutazame ili ajue mwendako. Na watu wa nyumbani wote watumie neno lile lile. Nyumba ambayo baba husema "njoo," mama husema "kuja hapa," na watoto hupiga mbinja, imempa mbwa lugha tatu za kujifunza kwa jambo moja.

Hayo yote ni ya amani. Wazee wa Kigikuyu waliokaa kwenye miteremko hii kabla ya utawala wa kigeni walikuwa na mbwa wao, waitwao ngui, waliolinda maboma na mifugo na kufuatana na wawindaji. Hakukuwa na vitabu vya mafunzo. Mbwa alijifunza kwa kuandamana na watoto wachungaji tangu asubuhi hata jioni. Huku bara mambo yalikuwa mbali na pwani, ambako mbwa hakuruhusiwa kukaribia, na methali yaonya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Kila nchi ina ada yake.

Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi amri ya Hali ya Hatari, na Nyeri ikawa katikati ya vita. Vijana kwa maelfu walikuwa wameingia misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya, wakijiita Jeshi la Ardhi na Uhuru. Serikali iliwaita Mau Mau. Mmoja wa viongozi wao, Dedan Kimathi, alizaliwa Tetu, katika wilaya hii hii, mwaka 1920. Mwingine, Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, aliongoza upande wa Mlima Kenya mpaka alipokamatwa mwezi wa Januari 1954. Ardhi ndiyo iliyogombewa, na kila familia ilikuwa na mtu upande mmoja au mwingine, mara nyingine pande zote mbili.

Misitu hiyo haipenyeki kwa urahisi. Chini kuna miti mikubwa na vichaka vilivyosukana, juu yake kuna mianzi iliyobanana hata mchana huwa kama magharibi, na juu zaidi ni nyika ya baridi na ukungu. Ndege za vita zilimwaga mabomu tangu mwaka 1953, lakini mabomu mengi yaliua tembo na nyati. Askari waliotoka Uingereza walipiga kelele, walinuka sabuni na sigara, na mtu wa msituni aliwajua kabla hawajamwona. Kwa hiyo jeshi likageukia mbwa, kama lilivyokwisha fanya katika misitu ya Malaya. Vikaundwa vikosi vidogo vya kufuata nyayo, kila kimoja kikiwa na askari wachache, wafuata nyayo wa Kiafrika, na mbwa.

Mbwa hao walikuwa wa namna mbili, na tofauti yao yafaa kuangaliwa. Namna ya kwanza ni mbwa wa kufuata nyayo. Huyu huinamisha pua chini, akafuata harufu ya mtu mmoja aliyepita hapo saa kadhaa zilizotangulia: chembe za ngozi, jasho, majani yaliyopondwa na mguu. Namna ya pili ni mbwa wa doria. Huyu huinua pua juu, akatwaa harufu inayoletwa na upepo, na kazi yake ni kumwonya bwana wake kwamba mbele kuna watu waliojificha. Wote wawili walifunzwa jambo moja lililo gumu kwa mbwa yeyote, nalo ni kunyamaza. Mbwa wa doria hakubweka wala kunguruma. Alisimama tu, akakaza masikio. Kama mwongozaji wake alikuwa amechoka, au akiwaza chakula, akakosa kuiona ishara hiyo, kikosi kizima kiliweza kuingia katika mtego. Ndiyo maana mbwa mmoja alipewa mtu mmoja, akamlisha yeye, akamsafisha yeye, akalala karibu naye. Mbwa aliyelishwa na kila askari kambini hakuwa na sababu ya kumtazama yeyote.

Na wale waliowindwa walifanya nini? Walijifunza mbwa pia, tena pasipo mwalimu. Walitembea ndani ya vijito, maana maji hayashiki nyayo. Walifuata njia za tembo na nyati, ambamo harufu ya mtu hufunikwa na kubwa zaidi. Walitawanyika kila mmoja upande wake, wakakutana mahali walipokwisha agana. Waliacha kuoga kwa sabuni, wakavaa ngozi za wanyama, hata harufu yao ikawa moja na ya msitu. Mvua nayo iliwasaidia. Kwenye Mlima Kenya, katika majira yake, mawingu hukusanyika adhuhuri na mvua kubwa huanguka alasiri. Ubaridi na unyevu mdogo huhifadhi harufu, lakini mvua ya kufurika huiosha. Aliyepita asubuhi na kikosi kikamfuata jioni, alikuwa na nafasi njema ya kuokoka.

Nimewahi kuona watu wakisifu mbwa hao kwa ushujaa wao, na wengine wakiwachukia kana kwamba walikuwa na upande katika vita. Mimi naona pande zote mbili zimekosea shabaha. Mbwa hakujua maana ya Hali ya Hatari. Alijua kwamba kamba ikikaza na neno likisemwa, kuna harufu ya kufuata, na mwisho wake kuna sifa na chakula. Usikivu ule ule uliomwokoa Corbett kwa chui ndio uliotumika kumfikia kijana wa Tetu aliyelala chini ya mwanzi na njaa. Mwenye kuulizwa ni aliyeshika kamba, na aliyemtuma mwenye kushika kamba.

Tena mbwa walikuwa sehemu ndogo tu ya mambo yaliyotendwa. Katika miaka ya 1954 na 1955 watu zaidi ya milioni 1 waliondolewa katika nyumba zao zilizotawanyika, wakatiwa katika vijiji vilivyozungukwa na ulinzi. Kandokando ya msitu likachimbwa kwa kazi ya kulazimishwa handaki refu la maili nyingi, lililojazwa miti iliyochongwa, ili wa msituni wasipate chakula kutoka kwa jamaa zao. Kati ya 1952 na 1960 Waafrika zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu za mahakama. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake juu ya mateso yaliyotendwa katika kambi, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za kesi, kwa wazee 5,228 waliokuwa wameshtaki.

Corbett mwenyewe alikuwa bado yu hai Nyeri katika miaka ya kwanza ya vita hivyo. Katika vita kuu ya pili ya dunia alikuwa amewafunza askari namna ya kuishi na kupigana msituni, kwa ajili ya vita vya Burma. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 alikuwa juu ya mti pamoja na Binti Mfalme Elizabeth, katika ile hoteli ya Treetops iliyojengwa mwaka 1932, usiku ambao Mfalme George wa Sita alifariki. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Mei 1954, Treetops ikachomwa moto na wapiganaji. Kitabu cha mwisho cha mzee huyo, chenye habari za usiku ule, kilitoka mwaka 1955 yeye akiwa amekwisha kufa.

Mwisho wa Kimathi wajulikana, nao wastahili kuzingatiwa na mtu yeyote anayedhani kuwa mbwa au mabomu ndiyo yaliyomshinda. Alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956 alijaribu kurudi msituni kutoka mashambani, alikokwenda kutafuta chakula, naye amevaa ngozi ya chui. Kwenye ukingo wa handaki alikutana na askari wa kabila aitwaye Ndirangu Mau, aliyempiga risasi na kumjeruhi. Akashtakiwa Nyeri, akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hakukuwa na mbwa aliyemtoa mafichoni. Njaa ndiyo iliyomtoa.

Hali ya Hatari iliondolewa mwezi wa Januari 1960, na Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Nilidhani, nilipoanza kukusanya habari hizi, kwamba hadithi ya mbwa wa kufuata nyayo katika nchi hii ingekoma hapo. Haikukoma, iligeuka. Upande wa kaskazini-magharibi wa Mlima Kenya, karibu na Nanyuki, kuna hifadhi ya Ol Pejeta yenye ukubwa wa ekari 90,000 hivi, na mbele zaidi, katika Meru, kuna hifadhi ya Lewa, ambako kifaru walianza kulindwa katika uzio mwaka 1983. Pembe ya kifaru ina bei kubwa katika masoko ya Mashariki ya mbali, na majangili wenye bunduki huingia usiku. Hifadhi hizo mbili zimetumia mbwa kuwafuata. Ol Pejeta ndiko alikokufa Sudan, dume la mwisho la kifaru weupe wa kaskazini, tarehe 19 Machi 2018, akaacha majike wawili tu wa aina yake, Najin na Fatu, binti yake na mjukuu wake. Unaweza kuona uzito wa kazi ya mbwa anayezunguka na mlinzi kwenye uzio kama huo.

Kazi yenyewe ni ile ile. Miongoni mwao wako wale wenye masikio marefu yaliyolegea na ngozi ya uso iliyokunjamana, ambao hufuata harufu ya mtu mmoja kupita nyayo za ng'ombe, za pundamilia na za watu wengine, tena baada ya saa nyingi kupita. Wengine wamefunzwa kutambua harufu ya risasi, bunduki na pembe, hata zikifichwa ndani ya gari. Mbwa wa namna hii akipata harufu aliyofunzwa, huketi kimya karibu na mahali hapo, kisha humtazama mwongozaji wake. Haparui, habweki. Ukilinganisha na mbwa wa doria wa mwaka 1954, utaona kwamba ni alama ile ile ya kunyamaza na kutazama.

Lakini kuna tofauti moja niliyoipenda. Waongozaji wengi wa mbwa hawa ni vijana wa nchi hii, waliozaliwa katika vijiji vya Laikipia na Meru, na katika jamii nyingine za hapo mbwa hakuwa mnyama wa kugusa wala kusema naye. Kijana wa namna hiyo akija kazini hufunzwa pamoja na mbwa, na mara nyingi yeye ndiye mwenye mengi ya kujifunza. Hana budi kuzoea kuinama, kumsifu mbwa kwa sauti nyororo mbele ya wenzake pasipo haya, kucheza naye mpira wa kamba baada ya kazi, na zaidi ya yote kutoona aibu kumfuata. Kwa maana katika kufuata nyayo mbwa ndiye atanguliaye. Mtu akiamini macho yake kuliko pua ya mbwa, akamvuta kwenda njia iliyo wazi na nzuri, harufu hupotea. Mara chache za kuvutwa hivyo zatosha kumfundisha mbwa kwamba huyu bwana hasikilizi, naye huacha kumwambia.